Makuba Matatu ya Mtaa wa Banda

Muumini wa Hai Mauna, mjini Juba, anapotandika mkeka wake huelekea kaskazini, kisha hujigeuza kidogo upande wa mashariki. Makka iko huko, ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Wa Kampala hufanya karibu vivyo hivyo, na wa Nairobi hukaribia kuelekea kaskazini kabisa. Lakini mwashi wa Lahore, kule Punjab, tangu utotoni mwake huswali akielekea jua linakotua. Kati ya kibla chake na kibla cha Afrika Mashariki kuna zaidi ya robo ya duara, na humo ndimo inamopita habari ya sura hii: jinsi umbo la msikiti lililokuzwa kwa fahari ya wafalme wa Delhi lilivyopanda meli, likapanda reli, likageuzwa likatazama kaskazini, na kusimama katikati ya Nairobi kwa fedha za watu ambao serikali ya wakati huo haikuwaruhusu hata kumiliki shamba katika nyanda za juu.

Msikiti wenyewe ni Jamia. Uko katikati ya mji, kwenye kitalu cha Mtaa wa Banda, Mtaa wa Kigali na Mtaa wa Muindi Mbingu, jirani na City Market. Watu wengi wa Juba hawahitaji kuelekezwa. Waliokimbilia Kenya na Uganda miaka ya vita walirudi baada ya mkataba wa amani wa 2005 na uhuru wa 2011 wakiwa na Kiswahili mdomoni, na tangu barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilipokamilika mwaka 2012, safari ya basi kwenda kusini imekuwa jambo la kawaida. Waislamu kwa Wakristo, wengi wamewahi kupita chini ya makuba yale matatu ya rangi ya fedha na minara yake miwili wakienda kununua kitu au kutafuta matatu. Wachache wamesimama kujiuliza kwa nini makuba ni matatu, na kwa nini minara ni miwili.

Jibu linaanzia Delhi mwaka 1650.

Shah Jahan, mfalme wa tano wa ukoo wa Mughal, alikuwa tayari na Taj Mahal kule Agra na mji mkuu mpya aliouita kwa jina lake, Shahjahanabad, ambao leo ndio Delhi ya Kale. Kilichokosekana ni msikiti wa Ijumaa wa kiasi cha mji huo. Alichagua kilima cha mawe karibu na Ngome Nyekundu, kasri lake jipya, kusudi jengo lionekane kutoka kila upande. Kazi ilisimamiwa na waziri wake mkuu Saadullah Khan, ikachukua miaka sita na mafundi na vibarua zaidi ya 5,000, na inasemekana ilimeza rupia milioni moja. Ilipokwisha mwaka 1656, Shah Jahan alimleta imamu kutoka Bukhara, Sayyid Abdul Ghafur Shah Bukhari. Uimamu wa msikiti huo haujatoka katika ukoo wake hadi leo, ingawa wafalme waliomwajiri walikwisha kutoweka zamani.

Anayeukaribia msikiti huu hupanda kwanza. Lango la kaskazini lina ngazi 39, la kusini 33, na la mashariki, alilopitia mfalme, lina 35. Juu ya ngazi mtu huingia katika ua mpana ulio wazi juu, wenye birika la kutawadhia katikati, uwezao kubeba waumini 25,000. Upande wa magharibi wa ua huo ndiko iliko nyumba ya swala: safu ya matao, na katikati tao moja kubwa mno lililopanda juu kuliko mengine yote, likiwa limesimama kama ukurasa uliofunguliwa. Nyuma yake kuna makuba matatu ya marumaru nyeupe yenye mistari myeusi, la katikati likiwa kubwa kuliko wenzake, na pembeni minara miwili yenye urefu wa mita 40 hivi. Kuta ni za jiwe la mchanga jekundu, zimetiwa marumaru nyeupe kila mahali ambapo macho yangechoka kwa wekundu.

Umbo hili lilikuwa limepikwa kwa zaidi ya karne moja. Babur alishika Delhi mwaka 1526. Mjukuu wake, Akbar, alijenga msikiti wa Ijumaa wa Fatehpur Sikri katika miaka ya 1570, wenye lango kubwa la kukumbuka ushindi wake Gujarat. Ila Delhi ndipo vipengele vyote vilipokaa pamoja bila kugombana: ua, tao kuu, makuba matatu, minara miwili. Waliofuata walinakili.

Kuba la Kimughal lina siri yake, na inafaa kuieleza kwa sababu ndiyo inayofanya majengo haya yapendeze yakiwa mbali. Kuba likijengwa refu ili lionekane toka mbali, ukiwa ndani yake unajikuta chini ya shimo la giza, na sauti ya imamu inapotelea huko juu. Likijengwa fupi ili ndani papendeze, kwa nje linabanwa na tao kuu lililo mbele yake. Mafundi wa Uajemi na Asia ya Kati walilimaliza tatizo hilo kwa kujenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na nafasi tupu katikati: la ndani hufuata kimo cha chumba, la nje hufuata kimo cha mji. Nchini India mbinu hii ilijulikana sana baada ya kaburi la Mfalme Humayun, lililojengwa Delhi kati ya 1565 na 1572. Kuanzia hapo kuba la nje liliachiwa kuvimba kiunoni na kubanwa shingoni, likapata lile umbo la kitunguu ambalo leo limechapwa kwenye mikeka ya kuswalia na kalenda za ukutani kutoka Mombasa hadi Juba.

Yote haya yalikuwa siasa pia. Katika dola za Kiislamu za zamani mtawala alijulikana kwa mambo mawili: jina lake kwenye sarafu, na jina lake kwenye khutba ya Ijumaa. Anayeacha kutajwa mimbarini ameacha kutawala. Ndiyo maana msikiti wa Ijumaa haukuwa msikiti tu wa mtaani uliokuzwa. Ulikuwa mahali ambapo mji mzima, mara moja kwa wiki, uliambiwa nani ni nani. Shah Jahan alilijua hilo. Waingereza nao walilijua: walipoiteka tena Delhi mwaka 1857, baada ya uasi uliomsimika Bahadur Shah Zafar kuwa mfalme wa waasi, waliufunga msikiti, wakaweka askari ndani, na wako walioshauri ubomolewe. Uliokolewa, ukarudishwa kwa Waislamu mwaka 1862. Mwaka uleule Zafar, wa mwisho wa ukoo ulioujenga, alikufa uhamishoni Rangoon.

Msikiti wa Lahore ulitwaliwa na majeshi kabla ya ule wa Delhi. Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan, alimwagiza ndugu yake wa kunyonya, Muzaffar Hussain aliyejulikana kwa cheo cha Fidai Khan Koka, ajenge msikiti mkabala na ngome ya Lahore. Ulianzwa 1671 ukaisha 1673, na unaitwa Badshahi, yaani wa kifalme. Makuba ni matatu tena, safari hii ya marumaru nyeupe tupu, lakini minara mikubwa ni minne na imewekwa kwenye pembe za ua. Ua huo una karibu mita za mraba 25,600. Waumini 100,000 huenea. Kwa jicho la mwandishi wa sura hii, Delhi ni nzuri zaidi kwa uwiano, ila hakuna kilichojengwa na Wamughal kinachomfanya mtu ajione mdogo kama ua wa Badshahi.

Na ukubwa huo ndio uliouponza. Ranjit Singh, mtawala wa Kisikh, alipoitwaa Lahore mwaka 1799, aliona ua mpana wenye kuta pande zote akaugeuza zizi la farasi, na vyumba vya wanafunzi vilivyouzunguka vikawa maskani ya askari na ghala la baruti. Mwaka 1841, katika ugomvi wa warithi wake, Sher Singh alipandisha mizinga midogo juu ya minara ili aipige ngome iliyo ng'ambo. Waingereza walipochukua Punjab mwaka 1849 waliendelea kuutumia kijeshi, wakabomoa sehemu ya vyumba vya uani wasije wakageuziwa kibao, kisha wakaurudisha mwaka 1852. Ukarabati wa kweli ulianza 1939 ukamalizika 1960, nchi ikiwa tayari ni Pakistani.

Kwa hiyo mwanamume aliyezaliwa Lahore au vijiji vyake katika miaka ya 1870 alikua akiutazama msikiti mkubwa kuliko yote aliyowahi kuisikia ukiwa magofu nusu. Alijua kuchonga jiwe, kuchanganya chokaa, kusimamisha tao. Kazi haikutosha. Ndipo mawakala walipokuja.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Waingereza walitaka vibarua na mafundi waliokwisha kujenga reli, na Punjab ilikuwa imejaa hao. Waliandikishwa kwa mikataba ya miaka mitatu, wakateremshwa hadi bandari ya Karachi, wakavushwa Bahari ya Hindi. Mfanyabiashara wa Karachi, A. M. Jeevanjee, alikuwa mmoja wa walioipatia reli watu na mahitaji. Hadi injini ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, karibu watu 32,000 walikuwa wameletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, kwa malaria, kuhara, ajali, na wachache lakini wanaokumbukwa zaidi kwa simba wa Tsavo wa 1898. Wengi walirudi kwao. Zaidi ya 6,700 walibaki.

Njiani waliacha alama. Pale Mackinnon Road, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kuna msikiti kando kabisa ya reli, na ndani yake kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa msimamizi wa vibarua. Masimulizi yanasema wenzake waliona karai la kokoto likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Anayeamini na asiyeamini wote husimamisha gari. Madereva wa malori, hata wasio Waislamu, huona si vizuri kulipita kaburi lile bila kutoa chochote. Mpunjabi wa reli amekuwa walii wa njia ya Wakenya wote.

Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika Nairobi, uwanda wa maji na matope usio na mji. Mji uliota kwa fujo. Wahindi walipanga maduka yao ya mabati kwenye Bazaar, ambayo leo ni Mtaa wa Biashara, na mwaka 1902 tauni ilipozuka, serikali iliamua dawa yake ni kuichoma Bazaar moto. Ni katika miaka hiyohiyo, kati ya 1902 na 1906, ambapo Sayyid Maulana Abdullah Shah aliwakusanya Waislamu wa Nairobi na kuanzisha msikiti wa Jamia. Haukuwa na fahari. Ulikuwa mahali pa kusimama safu.

Jengo tunaloliona sasa ni la baadaye: lilianza 1925, likakamilika 1933. Tarehe hizo zina uzito. Mwaka 1913 ripoti ya Profesa Simpson ilikuwa imependekeza Nairobi igawanywe kwa rangi za watu, Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika kule kabisa. Mwaka 1923 serikali ya London ilitoa Waraka wa Devonshire, uliotangaza kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia, lakini ukawanyima Wahindi walichokipigania: kura sawa na Wazungu, na haki ya kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Miaka miwili baada ya kuambiwa hivyo, Waislamu wa mji huo, Wapunjabi wakiwa mstari wa mbele, walianza kujenga katikati kabisa ya mji nyumba ya marumaru yenye umbo la mfalme.

Hakukuwa na mfalme. Hilo ndilo badiliko kubwa, kubwa kuliko kugeuka kwa kibla. Delhi ilijengwa kwa hazina ya dola, Lahore kwa amri ya mtawala na ndugu yake. Jamia ilijengwa kwa michango: wenye maduka, mafundi wa karakana za reli, makarani. Aliyetajwa na serikali kwenye sarafu alikuwa Mfalme George wa Tano. Lile tao kuu ambalo Shah Jahan aliliinua kutangaza kwamba yeye ndiye kivuli cha Mungu duniani, Nairobi liliinuliwa na watu waliotaka kusema jambo dogo zaidi na gumu zaidi kulikataa: kwamba wapo, na hawaondoki.

Majirani wa jengo hilo wanasaidia kulielewa. Upande mmoja kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 na Bi. Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe tajiri, yenye nguzo za Kirumi na simba wa mawe mlangoni. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ng'ambo ya barabara kuna City Market, soko la manispaa la mwanzoni mwa miaka ya 1930, paa lake la matao ya zege likifuata mtindo mpya wa Ulaya. Majengo matatu ndani ya miaka michache, hatua chache kutoka moja hadi jingine, na kila moja likitazama nyuma kwa babu tofauti: Roma, kiwanda, Delhi. Nairobi haina kona nyingine inayoieleza enzi ile vizuri hivyo.

Lakini Jamia si nakala ya Delhi. Imejibana. Shah Jahan alikuwa na kilima. Nairobi walikuwa na kitalu cha mjini, bei ya kila futi ikijulikana. Ua, ambao kwa Wamughal ndio msikiti wenyewe na nyumba ya swala ni ukingo wake tu, hapa umepungua, na watu wameingizwa ndani chini ya paa, kama mvua za Nairobi na baridi yake ya Julai zinavyotaka. Jiwe jekundu halipo. Marumaru ipo kwa wingi, na kuta za ndani zimeandikwa aya za Kurani. Kilichohifadhiwa kwa uaminifu ni sura ya mbele: makuba matatu, la katikati likitawala, na minara miwili, hesabu ileile ya Delhi. Mwashi akilazimika kuchagua kipi abebe kutoka kwao, hubeba kile kitakachotambulika toka barabarani.

Msomaji wa pwani atauliza, na ana haki: kwani sisi hatukuwa na misikiti hadi Wapunjabi waje? Ilikuwepo, tena ya kale kuliko Delhi yenyewe ya Wamughal. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa matumbawe na chokaa, ukaezekwa kwa mfululizo wa makuba na vipaa vya tao. Ibn Battuta alifika kwa sultani huyo mwaka 1331, karibu miaka 200 kabla ya Babur kuingia Delhi. Ila Kilwa haikuzaa watoto wengi. Misikiti mingi ya Waswahili ilibaki na paa bapa, kuta nene, bila mnara, adhana ikitolewa mlangoni au juu ya paa. Mnara wa Mandhry wa Mombasa, unaohesabiwa kuwa wa 1570, ni mnene na umechongoka bila urembo wowote. Uzuri wa misikiti hii uko ndani, kwenye mihrabu ya matumbawe iliyochongwa. Msikiti wa Mswahili haupigi kelele barabarani. Wa Mmughal uliumbwa upige.

Bara ndiko sauti hiyo ilikosikika zaidi, na hapa Juba inaingia katika habari kwa mlango wake yenyewe.

Waislamu wa Nairobi ya mwanzo hawakuwa Wahindi na Waswahili tu. Walikuwamo Wanubi, wana wa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, ambao ngome zao za Lado na Rejaf zilikuwa kando ya Nile, karibu na ilipo Juba sasa. Emin alipoondoka na mvumbuzi Stanley mwaka 1889, sehemu ya askari wake walibaki wamekwama karibu na Ziwa Albert hadi ofisa wa Kiingereza Lugard alipowachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza Uganda. Baadaye walihamia Kenya wakiwa askari wa King's African Rifles, wakapewa msitu wa Kibera, wakajenga misikiti yao midogo ya udongo na mabati. Kinubi chao na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa tumbo moja. Mzee wa Kibera na kijana wa Hai Mauna wanaweza kusemezana bila mkalimani. Kwa upande wa pili, biashara ya Wahindi iliteremka na Nile kwenda kaskazini: Allidina Visram, Mwismaili kutoka Kutch aliyekufa 1916, alikuwa na maduka kutoka pwani hadi Gondokoro, ng'ambo ya mto mkabala na Juba. Biashara ilifika. Makuba ya Kimughal hayakufika, kwa kuwa maduka pekee hayajengi msikiti mkuu; huhitajika mtaa mzima wa familia zilizoamua kuzikana hapo.

Tena kwa watu wa Juba Ijumaa yenyewe ina historia yenye uchungu. Mwaka 1960 serikali ya kijeshi ya Jenerali Abboud kule Khartoum iliondoa mapumziko ya Jumapili katika mikoa ya kusini, ikaweka Ijumaa. Wanafunzi waligoma mashuleni. Shah Jahan angeielewa amri ile mara moja, kwani ni siasa ileile ya mimbari: anayepanga siku ya mji ndiye mwenye mji. Mkristo wa Juba anayeitazama Jamia kwa wasiwasi uliotokana na miaka ile anapaswa kujua tofauti hii, kwamba msikiti wa Nairobi ulitoka kwa watawaliwa.

Msikiti wa watawala Afrika Mashariki inao pia, na uko Kampala. Tarehe 22 Februari 1974, siku ya Ijumaa, viongozi wa nchi za Kiislamu waliokutana Lahore kwa mkutano wao wa pili wa kilele waliswali Badshahi. Kwenye mkutano huo walikuwapo Muammar Gaddafi wa Libya na Idi Amin wa Uganda, Mkakwa ambaye kabila lake limegawanywa na mpaka hadi Yei, Sudan Kusini. Miaka miwili kabla yake, 1972, Amin alikuwa amefanya mambo mawili kwa pamoja: aliwafukuza Waasia wa Uganda akiwapa siku 90, na akaanzisha ujenzi wa msikiti mkuu wa taifa juu ya kilima cha Old Kampala, palepale Lugard alipopiga ngome yake. Kazi ilikwama kwa miaka mingi, ikaja kumalizwa kwa fedha za Gaddafi. Msikiti ukafunguliwa 2007 ukiwa na jina lake, na alipoanguka ukawa Msikiti wa Kitaifa wa Uganda. Ni mkubwa, mandhari ya Kampala kutoka juu ya mnara wake hayana mfano, na watalii hulipa kupanda. Lakini wengi bado huujua kwa jina la aliyetoa fedha, na huo ndio udhaifu wa zawadi za wakubwa.

Jamia haijulikani kwa jina la mtu. Kwa miongo iliyofuata kamati zake ziliongeza sehemu moja baada ya nyingine: maktaba, madarasa, maduka na ofisi ambazo kodi yake hugharamia shughuli, gazeti la The Friday Bulletin ambalo husomwa na Waislamu mbali nje ya Nairobi. Safu za waumini nazo zimebadilika. Msomali wa Eastleigh, Mkikuyu aliyesilimu, Mswahili wa Lamu, Mnubi wa Kibera, mfanyabiashara kutoka Juba, wote hugusana mabega pale, na mjukuu wa mwashi wa Lahore ni mmoja tu kati yao. Ijumaa nafasi haitoshi, na swala ya Idi hupelekwa uwanja wa Sir Ali Muslim Club. Ua ule uliopunguzwa mwaka 1925 unadaiwa kila wiki.

Siasa nazo hazikuusahau. Januari 2010 maandamano ya kudai kuachiwa kwa mhubiri wa Kijamaika, Abdullah al-Faisal, yalianzia hapo baada ya swala ya Ijumaa, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa katikati ya mji. Kwa siku ile Mtaa wa Banda ulikuwa kama Delhi ya 1857 kwa jambo moja: serikali iliuona msikiti kwanza kama uwanja wa vita. Tofauti ni kwamba wiki iliyofuata milango ilikuwa wazi.

Anayetoka Juba kwa basi na ana saa moja ya kupoteza Nairobi asiende Ijumaa mchana, atasukumwa tu. Aende asubuhi ya siku ya kazi, aulize mlangoni kwanza kama si Mwislamu, avue viatu, mwanamke ajifunike kichwa. Kabla ya kuingia asimame upande wa maktaba, ahesabu makuba na minara, kisha atoe simu na kutafuta picha ya msikiti wa Delhi. Ndani atazame mihrabu inaelekea wapi. Kati ya majengo ya enzi ya ukoloni yaliyobaki katikati ya Nairobi, hili ndilo la kutazamwa kwanza, kabla ya kituo cha reli na kabla ya maktaba yenye simba.